Mtafute aliyeandikiwa kwanza: kufuatilia habari za postikadi za kale

SWALI: Nilinunua mnadani kopo la bati lenye postikadi 34 za zamani, zote zimeandikwa kwa mkono. Nyingi zilitumwa Uingereza kwa mwanamke mmoja anayeitwa "Miss" na jina la ukoo. Zile zinazoonekana za baadaye zinamwita "Mrs" kwa jina jingine. Zaidi ya nusu zina sahihi ya herufi moja tu, M. Kadhaa hazina mwaka, tano ni za Kijerumani katika mwandiko nisioweza kusoma hata herufi moja, na mbili hazina stempu. Nataka kujua M alikuwa nani na nini kiliendelea kati yao. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, anzia upande wa anwani, na huo ujumbe uuache kwanza.

Najua si rahisi, kwa sababu ujumbe ndio unaovutia. Lakini postikadi husafiri wazi. Aliyeiandika alijua kwamba mtu wa posta anaweza kuisoma, na mwenye nyumba, na yeyote atakayeikuta mezani. Kwa hiyo alifupisha, alificha, na jina lake hakuhitaji kuliandika maana anayepokea alimjua. Anwani haikuwa na uhuru huo. Ilipaswa kukamilika, la sivyo kadi isingefika. Basi katika kila kadi yupo mtu mmoja aliyeandikwa kwa jina na mahali anapoishi, na mtu huyo si M. Ukianza kumtafuta M kwa herufi yake moja utazunguka bure. Umpate huyo Miss, na M atajitokeza miongoni mwa watu wake.

Kabla hujagusa lolote, linda mpangilio. Kadi zikiwa bado ndani ya kopo zipige picha jinsi zilivyolala, kisha zitoe moja moja na kuzipa namba 1 hadi 34 kwa mfuatano huohuo. Namba iandikwe kwenye mfuko wa kila kadi, si kwenye kadi. Mara nyingi aliyezitunza alizipanga kwa namna fulani, kwa tarehe au kwa mtumaji, na kadi isiyo na mwaka iliyolala kati ya mbili zenye mwaka tayari imekupa dokezo. Mikono safi na mikavu inatosha. Glavu za pamba hupunguza hisi ya vidole na kukunja pembe. Stempu isibanduliwe hata kama ina thamani kwa wakusanyaji, kwa sababu muhuri umekaa nusu juu ya stempu na nusu juu ya kadi, na ukivitenganisha unapoteza vyote viwili. Usitumie selotepu mahali palipochanika. Maji nayo yakae mbali: maandishi ya zambarau yanayofanana na penseli mara nyingi ni ya penseli ya kunakilia, ambayo rangi yake huyeyuka ikipata unyevu kidogo tu na kusambaa kadi nzima.

Skani pande zote mbili kwa nukta 600 kwa inchi, kwa rangi, hata kama kadi inaonekana nyeusi na nyeupe. Kadi ya kawaida ya sentimita 14 kwa 9 itakupa picha ya takriban pikseli 3,300 kwa 2,100, ukubwa unaotosha kuona ncha za herufi ndani ya muhuri. Kwa nukta 300 ujumbe utasomeka vizuri ila muhuri utakuwa matope. Faili zipe majina yanayofuata namba zako: 001a kwa upande wa picha, 001b kwa upande wa anwani.

Faili hizo za rangi zina faida nyingine. Wino wa zamani uliotengenezwa kwa chuma na tanini hugeuka hudhurungi na kufifia. Ukifungua picha katika programu ya kuhariri na kutazama mkondo wa buluu ("blue channel", yaani tabaka la rangi hiyo) peke yake, hudhurungi ile hukoza na maneno yaliyopotea hurudi. Kwa muhuri mwekundu uliofunika maneno, tazama mkondo wa nyekundu peke yake: muhuri utafifia na maneno yatabaki. Penseli ina tabia yake. Hung'aa ikimulikwa kutoka mbele, kwa hiyo weka tochi ubavuni, karibu ilale sawa na meza, kwenye chumba chenye giza. Mwanga wa namna hiyo huonyesha mikwaruzo, na hata neno lililofutwa kwa kifutio huonekana kama mfereji.

Sasa tarehe. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu huchukua ushahidi mmoja na kuridhika. Kadi hubeba dalili nne tofauti za wakati: umbo la upande wa anwani, stempu na bei yake, muhuri, na tarehe aliyoiandika mwenyewe. Kila moja husema jambo lake.

Umbo husema "si kabla ya" tu. Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, bila picha. Uingereza iliruhusu kadi za wachapishaji binafsi kutumwa kwa stempu ya kubandika kuanzia 1 Septemba 1894. Zamani hizo upande wa stempu ulikuwa wa anwani peke yake, ndiyo maana maneno yamebanwa pembeni mwa picha. Mstari wa katikati unaogawa anwani na ujumbe uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani 1905, na Marekani 1 Machi 1907. Kadi ya Kiingereza yenye mstari huo haiwezi kuwa imetumwa mwaka 1899. Kinyume chake si kweli: akiba ya kadi za mtindo wa zamani iliendelea kutumika miaka mingi.

Bei ya stempu huweka mipaka ya pande mbili, nayo ndiyo ninayoiamini kuliko umbo. Ndani ya Uingereza postikadi ilitumwa kwa nusu peni hadi 3 Juni 1918, ilipopanda kuwa peni moja. Tazama pia uso wa mfalme: stempu za George V zilianza kutolewa 22 Juni 1911, za kabla yake zina Edward VII, na kabla ya 1902 Malkia Victoria.

Tuziunganishe. Chukua kadi ambayo muhuri wake unasomeka 14 Juni, mwaka umefutika, na M ameandika kwamba leo ni Jumapili. Kati ya 1902 na 1925, tarehe 14 Juni iliangukia Jumapili mara nne tu: 1903, 1908, 1914 na 1925. Stempu ikiwa ya nusu peni, 1925 inatoka. Ikiwa na uso wa George V, 1903 na 1908 zinatoka. Umebaki na 1914, bila kuusoma mwaka popote. Hesabu hii ifanyie kila kadi inayotaja siku ya wiki au sikukuu kama Pasaka, ambayo huhama kila mwaka. Ila hakikisha ile "leo" ya mwandishi na siku ya muhuri ni moja. Kadi iliyoandikwa Jumapili usiku inaweza kupigwa muhuri Jumatatu.

Muhuri uliofifia usomwe kwa kuulinganisha. Hesabu nafasi za herufi kuzunguka duara, jaza zile unazoziona, kisha tafuta kadi nyingine kwenye kopo lilelile iliyotoka ofisi hiyohiyo; M hakuwa na ofisi za posta kumi. Kadi yenye mihuri miwili ya miji tofauti huenda ina wa kuondoka na wa kufika. Wa kufika ukionekana wa mapema kuliko wa kuondoka, usidhani posta ilikosea kabla hujauliza kalenda. Urusi ilitumia kalenda ya Julius hadi mwanzoni mwa 1918, na katika karne ya 20 ilikuwa nyuma kwa siku 13: kadi iliyoondoka Berlin 10 Juni na kupigwa muhuri Urusi 31 Mei ilisafiri siku tatu. Neno "Paquebot" humaanisha kadi ilitiwa posta melini, kwa hiyo stempu inaweza kuwa ya nchi moja na muhuri wa nchi nyingine. Herufi T ni alama ya deni: mtumaji hakulipa vya kutosha na mpokeaji alidaiwa mlangoni.

Saa iliyomo kwenye muhuri usiipuuze. Katika miongo ya kabla ya vita ya 1914, barua ziligawanywa katikati ya London mpaka mara 12 kwa siku. Kadi isemayo "nitafika saa kumi jioni" iliyopigwa muhuri asubuhi ileile haikuwa mzaha. Kadi ilifanya kazi ya simu. Ndiyo sababu kadi nyingi zinaonekana hazina maana yoyote. Wala si fumbo, ni miadi.

Hizo mbili zisizo na stempu zina maelezo manne, na kila moja huacha alama. Stempu ikiwa ilibanduka, utaona pembe nne yenye rangi tofauti au gundi, na mstari wa muhuri utakatika ghafla kama uliokatwa kwa rula. Bila stempu wala muhuri, kadi ilisafiri ndani ya bahasha au ilikabidhiwa mkononi. Ikiwa na muhuri wa jeshi au neno "Feldpost" (posta ya jeshi kwa Kijerumani), au "F.M." kwa Kifaransa (msamaha wa ada kwa askari), ilitumwa bure na askari. Na ikiwa anwani nayo haipo, haikutumwa kabisa. Watu walinunua kadi ili wazitunze. Za askari zina ugumu wake: mahali hapatajwi kwa sababu ilikatazwa. Waingereza walikuwa na kadi maalumu ya vitani iliyochapwa sentensi tayari, kama "sijambo" na "nimelazwa hospitali". Askari alikata zisizohusika, akatia sahihi na tarehe. Akiongeza neno lolote, kadi iliharibiwa. Ukiikuta, usome alichokata pamoja na alichoacha.

Sasa rudi kwenye ujumbe. Nakili herufi kwa herufi, mstari kwa mstari, ukiacha makosa yake kama yalivyo. Usilotambua weka nukta tatu ndani ya mabano. Usilo na hakika nalo weka alama ya kuuliza. Usisome kwa maana kabla ya kusoma kwa herufi. Ubongo ukishaamua kwamba neno ni "mpendwa", jicho halitaona tena kwamba ni jina la mtu. Njia ya uhakika ni kutengeneza alfabeti ya mwandishi huyo: kata kwenye picha mfano wa kila herufi kutoka maneno unayoyajua bila shaka, uzipange kwenye ukurasa mmoja. Maneno hayo utayapata kwenye anwani, kwa sababu jina la mtaa na mji unaweza kulithibitisha kwenye ramani. Ujumbe ukionekana kama wavu, mwandishi amemaliza nafasi akageuza kadi robo mduara na kuandika juu ya mistari yake; geuza nawe, usome tabaka moja kwa wakati.

Kadi tano za Kijerumani huenda zimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko uliofunzwa huko kwa karne kadhaa, au kwa Sütterlin, aina yake iliyorahisishwa iliyoingia shule za Prussia mwaka 1915 na kuondolewa 1941. Ndani yake e hufanana na n, u hutambulika kwa kistari kilichopinda juu yake, h ina kitanzi juu na chini, na s ina sura mbili kulingana na nafasi yake katika neno. Mtu anayejua Kijerumani cha leo lakini hajajifunza mwandiko huo hatakusaidia. Transkribus, programu ya kompyuta inayosoma miandiko ya mkono, ina mifumo iliyofunzwa kwa Kurrent na hutoa nakala ya kuanzia, ila kwenye ujumbe wa mistari sita hukosea mno majina ya watu, ambayo ndiyo unayoyahitaji. Matokeo yake yakague kwa alfabeti uliyoitengeneza.

Chunguza pia kama mkono ulioandika anwani ndio ulioandika ujumbe. Mikono miwili humaanisha mtu alisaidiwa: mtoto, mgonjwa, askari aliyejeruhiwa mkono, au asiyejua kuandika vizuri. Anwani iliyokatwa na nyingine kuandikwa kando yake ni zawadi, kwani inaonyesha mpokeaji alihama au alikuwa ziarani, na muhuri unakupa siku. Anwani inayopitia jumba kubwa, au jina la mtu mwingine kutanguliwa na "c/o" (yaani "kupitia kwa"), inaweza kuwa ya mfanyakazi wa ndani au mpangaji. Na tazama upande wa picha kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nukta nukta ni uchapaji. Rangi isiyo na nukta, yenye mng'ao wa fedha kwenye sehemu nyeusi, ni picha halisi iliyosafishwa juu ya karatasi ya postikadi, na huenda waliomo ni wao wenyewe. Kialama cha X juu ya dirisha la hoteli maana yake ni "chumba changu". Kitu kimoja usikifanye: usiipe kadi tarehe ya picha yake. Wachapishaji waliendelea kuuza mandhari ileile miaka kumi na zaidi baada ya kupigwa.

Ukishafika hapo, tengeneza jedwali: namba, tarehe na kiwango cha uhakika wake, mji wa muhuri, anwani, namna mpokeaji anavyoitwa, sahihi, na kila mtu anayetajwa. Kadi 34 zikiwa jedwalini, mambo ambayo hayaonekani kwenye kadi moja hujitokeza. M anapoacha kumwita kwa jina la ukoo na kuanza kumwita kwa jina la utani, mwezi huo una habari. Usiamini maneno ya ujamaa moja kwa moja. "Auntie" kwa Kiingereza anaweza kuwa rafiki wa mama asiye na damu naye. Na salamu za mazoea, kama kutumaini kwamba mwenzake ni mzima, hazisemi lolote kuhusu afya ya mtu. Tafuta kinachotoka nje ya mazoea: kiasi cha fedha, treni, jina linalotajwa mara moja tu.

Kisha kumbukumbu za serikali. Kwa Uingereza na Wales, sensa ya 1911 inaorodhesha nyumba kwa nyumba, na ya 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, basi baada ya 1921 unaruka hadi rejista ya wakazi ya 1939. Tafuta kwa anwani ya kwenye kadi pamoja na jina, na soma nyumba nzima: dada mwenye jina linaloanza na M, mpangaji, mtumishi. Usimkubali mtu kwa sababu ya jina tu. Majina ya Kiingereza hurudiwa sana, na mti wa ukoo uliojengwa juu ya mtu asiye yeye hupendeza sawasawa na wa kweli. Dai vitu vitatu vikubaliane: jina, anwani katika mwaka uleule, na angalau ndugu mmoja anayetajwa kwenye kadi.

Katika kopo lako ufunguo mkubwa ni pale Miss anapogeuka Mrs. Kadi ya mwisho yenye jina la kwanza na kadi ya kwanza yenye jina la pili zinaiwekea ndoa mipaka miwili, pengine miezi michache tu. Faharasa ya ndoa ya Uingereza na Wales hupangwa kwa robo mwaka, na kuanzia robo ya kwanza ya 1912 huandika jina la ukoo la mwenzi kando ya kila jina. Wewe una majina yote mawili, hivyo ukiwa ndani ya miaka hiyo utafutaji ni wa dakika chache. Kabla ya 1912 itakubidi utafute jina la mke na la mume katika robo ileile na kuona kama namba ya kitabu na ya ukurasa zinalingana. Jina la mume kwenye anwani litakusaidia, kwa kuwa wakati huo "Mrs" mara nyingi lilifuatwa na jina la kwanza la mume, si la mke. Ukikuta "Mrs George" usimtafute mwanamke aitwaye George.

Cheti cha ndoa kitakupa umri, anwani, kazi, baba wa kila upande, na mashahidi wasiopungua wawili. Wasome hao mashahidi kwa makini: mara nyingi ndugu au rafiki wa karibu ndiye aliyesimama pale, na jina lake halikuandikwa kwa herufi moja. Ila cheti kinachotoka ofisi kuu ya usajili ni nakala iliyoandikwa na karani. Kama ndoa ilifungwa kanisani, omba kuona kitabu cha ndoa cha parokia yenyewe, ambacho kwa kawaida huwa katika hifadhi ya nyaraka ya wilaya. Humo mashahidi walitia sahihi kwa mikono yao wenyewe. Nenda na ile alfabeti uliyoikata kutoka kwenye kadi za M, ufungue ukurasa, uweke M hii kando ya ile.